Kola ya Eksirei

Marehemu mke wangu hakutupa kitu. Uzi wa urefu wa kidole aliuzungusha kwenye kifungo akauweka. Vipande vya vitambaa alivijaza kwenye mto. Mto ukichakaa ukawa dekio. Nikimtania kwamba iko siku atanishona na mimi, alikuwa ananipima kwa macho halafu anasema, "Wewe hutoshi hata mfuko."

Alikuwa fundi wa sare za shule. Miaka arobaini na mitatu, chumba kile kile cha mbele, cherehani ya miguu pale dirishani. Mimi ni seremala, karakana yangu ilikuwa uani. Yeye huku anakanyaga, mimi kule napiga randa. Tulikuwa tunasikilizana hivyo. Cherehani ikinyamaza sana, nilikwenda kuchungulia. Randa ikinyamaza sana, yeye aliuliza kwa sauti kama nimejikata.

Paterni zake alizitundika kwenye msumari mmoja nyuma ya mlango. Za karatasi hazikudumu. Muhula mmoja wa kuzungushia chaki, zinalegea kando, kola zinatoka kila moja na sura yake. Karatasi ina roho ndogo, alikuwa anasema.

Basi siku moja akafungua sanduku la bati alilokuja nalo kutoka kwao, akatoa bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na filamu mbili za eksirei. Ngumu, nyeusi, hazikunjiki ovyo. Nikaziinua kwenye mwanga nikaona fuvu. Nikamuuliza la nani.

"Langu. Nilipokuwa mtoto niliumwa taya. Likaja lenyewe, likaondoka lenyewe. Nishikie upande ule, na usipumue."

Nikashika. Akakata.

Kutoka filamu ya kwanza alitoa mfuko wa shati, ule wenye ncha chini. Kutoka ya pili akatoa kola pana ya gauni, ya mviringo. Kwenye vipande vilivyobaki akatoa vifuniko vya mifuko. Paterni hizo zimevalisha watoto wa shule nne. Sikuwaza tena habari ya taya. Mtu akikuambia kitu kimeondoka, unakiacha kiende.

Nilijua tu kwamba magego yake ya chini hayakuwepo. Nyama ngumu alinisogezea mimi. Na kwenye picha za ukumbusho hakufungua mdomo. Nilidhani ni haya.

Alifariki mwaka juzi. Presha. Asubuhi alikuwa anatia vifungo, mchana hayupo.

Nilifunga chumba cha mbele, ufunguo nikauvaa shingoni. Nikasema hakuna kitu kitatoka humo. Wiki ya tatu baada ya mazishi akaja Pini. Huyu alikuwa mwanafunzi wake wa kwanza. Tulimwita Pini kwa sababu tangu usichana wake alizibana pini mdomoni, hata kukusalimia alikusalimia kwa upande mmoja. Sasa ni mtu mzima, ana kibanda chake cha kushona sokoni. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Akaniomba paterni za mwalimu wake, akazifanyie kazi ya sare zilizobaki.

Nilimjibu mbele ya watu. Nilimwambia kaburi halijakauka na yeye anataka urithi.

Alijifunga kanga yake vizuri akaondoka. Nilijua nimekosea kabla hajafika barabarani. Lakini sikumwita.

Baadaye binti yangu alihama alikokuwa anafanya kazi, akaja kukaa karibu nami. Alikuja na mwanawe, msichana wa miaka minane. Huyu mjukuu nilikuwa namwita mke mdogo, na marehemu alikuwa anamwambia, "Mchukue, bibi, mimi nimechoka naye." Tangu msiba sikuwa nimemwita hivyo. Jina hilo halikuwa linatoka.

Mara ya mwisho nilipokuwa nimemwona alikuwa na mashavu ya kitoto tu. Sasa yalikuwa yamejaa pande zote mbili mpaka yanavuta kope za chini. Macho yalionekana kama yanatazama juu wakati wote. Hayakumuuma. Kwanza walisema ananenepa. Halafu wakasema matubwitubwi. Matubwitubwi gani ya mwaka mzima? Shuleni walimwita Puto. Alikuwa anakaa na kiganja kimefunika shavu, kama mtu anayefikiri, kumbe anajificha.

Tukaenda hospitali. Picha ya kwanza wakasema haitoshi, apigwe ya kwenye mashine kubwa. Mashine yenyewe ni duara, kama tairi la lori lililosimamishwa, na kitanda chembamba kinaingia katikati yake. Mtoto akanishika mkono. Mama wa picha, yaani yule mtaalamu wa chumba hicho, mwanamke mnene wa sauti ya chini, akamwambia mashine haing'ati, inazunguka tu kama cherehani inavyozungusha uzi. Mtoto akauliza kama ina sindano. Akaambiwa haina. Akaniachia.

Nikaruhusiwa kusimama nyuma ya kioo. Kwenye kompyuta fuvu likatokea taratibu, kutoka kidevuni kwenda juu. Sijui kusoma picha. Lakini mbao naijua. Taya la mjukuu wangu lilikuwa limetoboka ndani kama mbao iliyoliwa na bungua, vyumba vyumba, na kuta nyembamba kati yake. Mbao ya hivyo naitenga. Ukiigonga inalia kama debe.

Sikumwambia mama yake.

Daktari wa taya ni kijana, mpole, anaongea huku anachora kwenye karatasi. Alituambia mfupa umejaa vitu laini mahali pa mfupa. Inaweza kuwa uvimbe wa aina inayoendelea kula. Ukiachwa, unaweza kufika kwenye macho. Yeye aliona ni salama zaidi kukata sehemu iliyoharibika pande zote mbili na kutengeneza taya kwa mfupa wa nyonga. Alimuuliza binti yangu kama yupo mtu kwenye ukoo aliyepata kuwa na hali hiyo. Binti akasema hayupo, upande wake wala wa mumewe. Nilikuwa nimekaa pale pale. Nikatikisa kichwa, kwamba hayupo.

Akapangiwa tarehe, wiki tatu mbele.

Binti yangu akalia kwenye ngazi za hospitali. Aliogopa mtoto atakuwa hali kwa mdomo, hasemi vizuri, na uso si wake tena. Mimi nilikuwa na neno moja tu la kumpa, kwamba Mungu yupo. Nililisema nikaona halimfikii.

Wiki moja baadaye tulirudi kuchukua karatasi. Mama wa picha alituona kwenye korido, akatuita chumbani kwake. Alikuwa ameifungua tena ile picha. Akaweka rula kwenye kompyuta, kushoto, halafu kulia.

"Mzee, hebu ona. Huku na huku sawasawa, kama kuna mtu amepima na futi. Ugonjwa mbaya haupimi. Unakula popote."

Akaeleza, na alieleza polepole ili nami nielewe. Kuna ugonjwa wa mifupa, wa nadra sana, unatembea kwenye ukoo. Unamkamata mtoto kwenye mataya, mashavu yanajaa. Halafu akishavunja ungo, au kijana akishakua, taya linaanza kujijaza lenyewe mfupa, uso unarudi. Wengi hawahitaji kukatwa. Wengine unawaruka kabisa wakaupitisha kwa watoto wao bila kujua. Alisema yeye ameusoma kitabuni tu, hajawahi kuuona kwa macho, kwa hiyo asingeweza kumzuia daktari kwa kitu cha kitabuni. Ndiyo maana anauliza tena. Kwenu hakuna kabisa mtu ambaye utotoni alikuwa na mashavu, halafu yakaondoka?

Ndipo nikasikia sauti ya marehemu, yuko na mkasi. Likaja lenyewe, likaondoka lenyewe.

Binti yangu naye alikuwa amekumbuka la kwake. Marehemu alipomtembelea mara ya mwisho, alimshika mjukuu chini ya kidevu kwa vidole gumba viwili, akabonyeza taratibu, kama anavyopima unene wa kitambaa. Halafu akasema, "Muacheni. Yatashuka." Wao walidhani anasema unene wa kitoto.

Nikamwambia mama wa picha kwamba ni mke wangu, na kwamba amefariki. Akanipa pole. Akauliza kama aliwahi kupigwa picha.

"Alipigwa mbili," nikasema. "Zipo."

"Zilete basi, mzee."

"Zilikatwa kola."

Akanitazama kama hajasikia. Nikamweleza. Nikamwambia na mimi ndiye niliyeshika.

Siku hiyo hiyo nilivua ufunguo shingoni. Chumba kilinuka mafuta ya cherehani. Kwenye kiti kulikuwa na blauzi moja, vifungo vitatu vimeshonwa, viwili bado. Nikapita bila kuigusa, nikashusha paterni zote msumarini, nikazitandaza dirishani. Mfuko ulikuwepo. Nikauinua kwenye mwanga. Uso wa mtoto ulikuwa umekaa ndani ya mfuko mzima mzima, kidevu kimeangukia kwenye ncha. Na taya lilikuwa limeliwa na bungua, kushoto na kulia, vile vile.

Nilikaa kwenye kiti chake. Nilikaa juu ya ile blauzi.

Lakini mfuko ulikuwa unaonyesha kuja tu. Kuondoka kulikuwa kwenye kola, na kola haikuwepo msumarini. Nilijua iko wapi. Marehemu alikuwa na utaratibu wake. Mwanafunzi akihitimu, hampi cheti, maana hana. Anamwambia achague paterni moja msumarini, yoyote, hiyo ndiyo yake. Pini alichagua kola.

Kwa hiyo ilinibidi niende sokoni.

Nilimkuta amesimama mezani na pini mdomoni. Na kola yenyewe ilikuwa mezani, anaizungushia chaki kwenye kitambaa cha bluu. Aliniona akaendelea kuzungusha mpaka akamaliza. Halafu akatema pini moja moja kwenye kikopo. Zilikuwa nyingi.

"Shikamoo mzee. Umekuja kurithi?"

Nikasema nimestahili. Nikamwambia siku ile niliongea kama mlevi na sikuwa hata nimekunywa, kwa hiyo sina pa kujifichia. Hakucheka. Nikamweleza habari za mtoto, za taya, za tarehe ambayo zilikuwa zimebaki siku kumi na nne kuifikia. Nikamwambia ninachotaka kiko chini ya mkono wake.

Aliinua kola akaitazama kwenye mwanga. Alisema ameitumia miaka ishirini na zaidi, ameona meno humo kila siku, na hakuwahi kumuuliza mwalimu ni ya nani. Alidhani ni takataka za hospitali.

Halafu akavua miwani. "Miaka yote hii namchora chaki usoni."

Akafungia kitambaa cha watu kabatini, akateremsha turubai la kibanda. Nikamwambia si lazima aje, anipe tu, nitairudisha. Akasema hapana. Mwalimu alimfundisha kwamba paterni haiazimwi bila mwenyewe kwenda nayo, na mwanaume asiyejua kola na mkanda ndiyo kabisa hapewi. Nikaona nimeshasamehewa.

Tukampitia binti yangu, tukaenda wote hospitali. Mama wa picha alikuwa na kisanduku cha taa cha zamani, kile cha kioo cheupe ukutani, siku hizi kinatumika kutundikia kalenda. Akaondoa kalenda. Akabandika mfuko, akabandika kola kando yake. Akaenda kumwita daktari mwenyewe.

Daktari alikuja na haraka zake, akaona mfuko na kola vinang'aa ukutani, akasimama. Halafu akasogea kwenye mfuko. Alisema huyu ni mtoto wa miaka kumi hivi, meno ya ukubwani bado yako ndani, na yamesukumwa. Akasogea kwenye kola. Hapo akakunja uso. Pembeni mwa mfupa aliona vitobo vidogo, vimejipanga mstari mmoja, sawasawa. Akasema hajawahi kuona kitu kama hicho kwenye mfupa, huenda ugonjwa ulibadilika. Akaanza kuvihesabu kwa kalamu.

Pini akajikohoza. "Daktari, hivyo ni vyangu. Ni gurudumu la kutobolea pindo."

Mama wa picha aligeuka akatazama ukuta. Mabega yalikuwa yanacheza. Daktari naye akacheka, uzuri wake ni huo, alicheka mpaka akakaa.

Lakini alipomaliza alirudi kwenye kazi yake. Alisema taya la kwenye kola ni zima, mfupa umejaa, isipokuwa magego ambayo hayapo. Kama hawa wawili ni mtu mmoja, basi mama wa picha amesema kweli na yeye anaweka kisu chini. Lakini pembe zenye jina na mwaka zilikatwa. Atajuaje ni mtu mmoja? Na atajuaje ni bibi wa mtoto huyu? Hawezi kuacha taya la mtoto kwa kubahatisha. Hakulisema kwa ubaya. Ningekuwa yeye ningeuliza vile vile.

Binti yangu akanitazama. Pini akanitazama.

Nikasogea kwenye kisanduku. Miaka arobaini na mitatu nimekaa mbele ya mdomo ule. Nikamwambia daktari atazame meno ya chini, ya mbele, la pili kutoka katikati upande wa kushoto wake. Ana kijipengo pale, kama alama ya msumeno mwembamba. Alikuwa anakata uzi kwa meno, tangu msichana, kabla sijamjua. Nilimnunulia mikasi midogo mitatu, yote aliitumia kukatia kucha. Na magego ya chini hakuwa nayo, mawili kulia, mawili kushoto.

Daktari akachukua kioo cha kukuzia. Kola ilikuwa imepita karibu sana na meno, unene wa unywele mmoja tu zaidi, mkasi ungeondoka nayo. Akatafuta. Akasimama hapo hapo.

"Kipo," akasema.

Akarudi kwenye mfuko. Akatuonyesha mahali ambapo yale magego manne yalipaswa kuwa yanaota kwa yule mtoto. Hapakuwa na kitu, mawili kulia, mawili kushoto. Akazima taa ya kisanduku, akaiwasha tena, sijui kwa nini.

Tarehe ikafutwa. Alisema damu ya mtoto itapelekwa mbali kupimwa, na ilipelekwa. Jibu lilikuja baada ya miezi minne, likasema lile lile lililosemwa na mfuko na kola. Hatakatwa. Atapigwa picha kila baada ya miezi sita, meno yatachungwa, macho yatachungwa. Huenda mashavu yakaongezeka kidogo kwanza, tusishtuke. Yatachukua miaka. Tukasema miaka tunayo. Mimi sina mingi, lakini naye hakuniuliza.

Nilipomweleza mtoto, tulikuwa karakanani. Aliuliza swali moja. Kama bibi naye waliwahi kumwita Puto.

Nikamwambia sijui walimwita nani. Hakuniambia. Ila najua alikuwa na mashavu hayo hayo, na nilipomkuta mimi alikuwa msichana mwenye uso wa kutosha kumtia fundi wazimu, nikakata mguu wa meza mara mbili kwa kumtazama.

Akafikiri. Kiganja hakikuwa shavuni.

"Meza ikawaje?"

"Ikawa stuli, mke mdogo."

Lilitoka lenyewe.

Sasa mwaka umepita. Picha ya pili na ya tatu zimekuja. Ya tatu mama wa picha aliniita niione. Uvimbe haujaongezeka. Kwenye pembe moja ya taya kuna kijistari cheupe, chembamba kama uzi, anasema huo ni mfupa, unaanza mapema kuliko alivyotarajia. Sikukiona mara moja. Nilipokiona sikutaka kuondoka.

Chumba cha mbele kiko wazi. Pini huja siku tatu kwa wiki, anasema mwanga wa dirisha lile haupatikani sokoni. Alimalizia ile blauzi, vifungo viwili. Cherehani inalia, nami nimerudia randa, pole pole, mabega hayataki. Ikinyamaza sana nachungulia. Ni yeye anatafuta miwani iliyo kichwani.

Nimetengeneza kisanduku cha mninga, chembamba, chenye mfuniko wa kuteleza. Ndani mna mfuko, kola, na filamu za mjukuu, maana niliomba wamtolee za kushika mkononi, si za kwenye kompyuta tu. Ana watoto wake mbele huyu. Siku moja mtu atauliza kama kwenye ukoo yupo.

Juzi nilikuwa natia hiyo ya tatu. Pini alisimama nyuma yangu na pini zake mdomoni, anaitazama kwenye mwanga. Filamu kubwa, ngumu, haina mkunjo. Akasema kwa ule upande mmoja kwamba pale katikati pangetoka kola mbili safi, na kifuniko cha mfuko juu.

"Gusa uone," nikamwambia.